Kitanda cha Raja Mtaa wa Narung'ombe

Enzi za Mwingereza, raja mmoja wa Bara Hindi aliagiza kitanda kutoka Ulaya. Kilikuwa cha mbao iliyovikwa fedha, na katika kila pembe alisimama mwanamke wa fedha, kimo cha mtu mzima, uchi, ameshika upepeo. Chini ya godoro mafundi walificha kinanda cha kutiwa ufunguo. Ukipanda, kinapiga wimbo na wale wanawake wanne wanakupepea. Uzito wa mtu mmoja haukutosha kukiamsha, kwa kuwa raja hakukusudia kulala peke yake. Raia zake wakati huo walikuwa wakinywa maji kisima kimoja na ng'ombe. Mwingereza hakuona kasoro. Raja anayehangaikia vitanda hapati nafasi ya kuhangaikia uhuru.

Haya aliyasimulia Bi Mauza, kungwi na mpambaji wa maharusi wa Mtaa wa Narung'ombe. Hakuwahi kufika mbali kupita Bagamoyo, lakini alimsema yule raja kama anavyosemwa shemeji mlevi.

Raja alipokufa, mfanyabiashara mmoja wa Uhindini alikinunua kitanda akakileta Dar es Salaam kwa meli. Mkewe akakikataa siku ya kwanza. Alisema hawezi kuvua nguo mbele ya wanawake wanne wasiojua kugeuza macho. Kikakaa stoo nyuma ya majora ya kanga mpaka mwaka nyumba zilipotaifishwa, na wenyewe wakafunga safari ya Kanada. Bi Mauza ndiye aliyekuwa akimkanda yule mama kila alipojifungua. Siku ya kuagana aliambiwa achague kitu cha ukumbusho. Akachagua kitanda. Kilipopita Mnazi Mmoja juu ya mkokoteni, watu walidhani serikali inaleta sanamu mpya.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuwashonea wale wanawake mabuibui. Malaika haingii penye masanamu, alisema, na hakuna bibi harusi anayetaka wake wenza wanne, tena wa fedha. Mikono tu akaiacha nje, ili kazi ya kupepea iendelee.

Siku zile harusi ilikuwa harusi. Bwana harusi alikwenda kukaa fungate kwao bibi harusi, siku saba, kungwi akiwa mlangoni na wanawake wa mtaa uani wakisubiri habari njema. Leo maharusi wanajifungia hotelini kama watu wanaojificha polisi, asubuhi wanatoka wamenuna, na hakuna wa kuwauliza kulikoni. Kitanda cha raja kiliirahisisha kazi ya kungwi. Wimbo ukisikika tu, uani vigelegele. Bi Mauza alimwazima kila aliyemwomba, sharti lake moja, mabuibui yarudi yamefuliwa. Binti wa mchoma mihogo alilala pale alipolala binti wa mwenye duka. Kama huo haukuwa ujamaa, basi sijui tulikuwa tukihubiriwa nini.

Lakini moyoni kitanda kilikuwa cha mtu mmoja, mjukuu wake Sitara, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Mauza alisema akiusikia wimbo ule kwa ajili ya Sitara, hata akifa kesho yake hana deni na dunia.

Harusi ilipokaribia, akaja Ndugu Shaibu, mwenyekiti wetu wa mtaa, na vijana wa kubeba.

"Bi Mauza," akasema, "hiki ni kitanda cha kinyonyaji."

"Kimemnyonya nani, Ndugu mwenyekiti? Tangu kije hapa kinazalisha tu."

Wakakibeba. Kingewekwa ofisini, alisema, hadi ngazi za juu ziamue. Bahati mbaya paa la ofisi lilikuwa linavuja, na mali ya umma hainyeshewi mvua. Ndugu Shaibu akajitolea kukihifadhi katika chumba chake mwenyewe cha kulala. Kila asubuhi Bi Mauza alikwenda kuuliza, na kila asubuhi aliambiwa asubiri kikao. Sitara akamwambia aache kujisumbua, yeye atalala hata mkekani.

"Mkekani utalala ukiwa mjane," bibi yake akamjibu. "Wewe mke mwenzangu, utalala kwa raja."

Siku mbili kabla ya harusi, baada ya adhuhuri, wanawake walikusanyika uani kwa Bi Mauza kuchagua mchele, ule uliopatikana. Ua ule umepakana na dirisha la chumba cha Ndugu Shaibu. Mkewe, Fakhriya, alikuwepo na ungo wake, kwani ugomvi wa wanaume haumzuii jirani kwenda shughulini. Mara wimbo wa raja ukasikika.

Hakuna aliyefikiri. Vigelegele vikalipuka uani kama ada, na cha Fakhriya kilikuwa kirefu kuliko vyote, maana alisifika kwa hilo. Kisha vikaanza kukatika, mdomo mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki yeye. Naye akanyamaza. Akalitazama dirisha la chumba chake, akamgeukia Bi Mauza.

"Kitanda kile," akauliza taratibu, "si mpaka wapande wawili?"

"Wawili," akasema Bi Mauza. "Labda mwenyekiti na kamati."

Fakhriya akaweka ungo chini bila kumwaga punje, akaondoka. Hatukusikia kelele. Tulisikia chuma kikikatika na wimbo ukifia njiani, kisha viatu vya kike vya raizoni, vile vya soli nene, vikikimbia kwa mlango wa nyuma. Mwenye viatu simjui hadi leo. Kabla ya magharibi kitanda kilirudi, mwenyekiti mwenyewe akiwa ameshika upande mmoja, na kikao kilichofuata kikatangaza kuwa ni urithi wa utamaduni wa wananchi.

Ijumaa Sitara na mumewe Muhiddin, karani wa bandari, wakaingizwa chumbani. Bi Mauza akakaa mlangoni. Uani kimya, masikio yote yamesimama. Kimya kikaendelea. Wanawake wakaanza kutazamana, na mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Kila mtu alijua kimya kile kingefika Magomeni kabla ya chai ya asubuhi, na jina la bwana harusi ndani yake. Nani angemweleza mtaa mzima kwamba kilichokufa ni chuma cha kinanda tu?

Bi Mauza akauegemea mlango. Akaanza kuuimba wimbo wa raja, kwa pua, sauti ya kizee iliyokwaruza, kipande kwa kipande, kama alivyousikia miaka yote akiwa palepale mlangoni. Ndani tukamsikia Sitara akiangua kicheko, na Muhiddin akimfuata.

Fakhriya ndiye aliyetangulia kupiga kigelegele.