Miguu ya Baba Mkwe

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, saa nane mchana, Nasike Wanjala alishika kipaza sauti kwa mara ya kwanza katika kibanda cha video cha Mubarak, Namuwongo, hatua arobaini kutoka kwenye reli. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, Mkenya mzaliwa wa Bungoma aliyehamia kwa Waganda, na siku nyingine zote za wiki alifua nguo katika nyumba za matajiri, mtaa wa Nakasero.

Kazi ilikuwa kutafsiri filamu papo hapo. Mtafsiri wa kibandani hukaa kando ya televisheni, hupunguza sauti ya waigizaji na kusema yeye badala yao wote: bibi harusi, mama mkwe, polisi, mtoto. Kihindi Nasike hakukijua. Watafsiri wengine wa mtaa ule hawakukijua pia, walisoma nyuso.

Mubarak alizoea kuonyesha filamu za ngumi. Alikubali kujaribu watazamaji wanawake kwa alasiri moja, kwa filamu ya Kihindi ya mapenzi na ndoa.

"Wakitoka kabla ya mwisho, dada, narudisha ngumi zangu," alimwambia. "Wakikaa, Jumamosi ni yako."

Nasike aliitaka sana Jumamosi hiyo. "Wiki nzima kinywa changu ni ndiyo mama, ndiyo bosi," alimweleza. "Maneno yananijaa."

Kanda ilifika mchana ule ule, na hakupata nafasi ya kuitazama kwanza. Wanawake zaidi ya sitini walibanana kwenye mabenchi, Wakenya, Wakongo, Waganda, kila mmoja na Kiswahili chake. Kwa saa nzima aliwashika. Alinguruma kama mzee tajiri, akalia kama msichana maskini, akambembeleza msichana huyo kwa sauti ya kijana mwenye pikipiki, mtoto wa yule tajiri.

Kisha kijana akampeleka msichana nyumbani kwao. Msichana akainama, akaigusa miguu ya mzee. Nasike hakusita.

"Baba yangu mzazi! Nilipotea nikiwa mchanga, leo nimerudi!"

Kibanda kizima kikapiga yowe. Wapenzi wale, kumbe, walikuwa ndugu! Mwanamke mmoja wa Kikongo alijifunika uso kwa kitenge. Nasike mwenyewe aliamini.

Dakika chache baadaye moto wa harusi uliwashwa, maua yakaletwa, na wale ndugu wawili wakaanza kuoana huku mzee akitabasamu.

"Wewe Nasike!" Aliyepaza sauti alikuwa Nakhisa, bibi muuza dagaa wa omena, naye wa Bungoma. "Unaozesha mtu na dada yake?"

"Na baba anacheka! Baba gani huyu?" mwingine alidakia.

"Twendeni, tutapata mikosi hapa."

Watatu walikuwa wamesimama tayari. Mubarak, mlangoni, alitazama saa yake.

Nasike akafanya jambo ambalo watafsiri hawafanyi. Alisimamisha kanda.

"Nimewadanganya," alisema. "Kihindi sijui. Nimeona msichana anamshika mzee miguu. Kwetu mkwe hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Nikasema basi, huyu ni babake."

Muuza matoke mmoja akasema, "Hata sisi Waganda, nyabo, dada yangu. Baba ya bwana wako humugusi!"

Kaltumi, mwenye duka la vitambaa, ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani, aliangua kicheko. "Jamani! Mimi wangu nambusu mkono kila Idi. Huyo ni baba mkwe, mwanangu. Anaombwa baraka."

Waliosimama wakaketi. Nasike akarudisha kanda nyuma, na safari hii alisema maneno manne tu: "Baba mkwe. Naomba baraka."

Mkono wa msichana ulishuka taratibu, ukafunika vidole vya miguu ya mzee. Mkono wa mzee ukashuka, ukatua juu ya nywele zake, ukakaa hapo. Wanawake zaidi ya sitini walikuwa wamekaza macho, na kilichosikika ni kanda ikizunguka ndani ya mashine. Mwenye kitenge alikiteremsha.

"Miaka thelathini nilikaa kwenye boma la baba mkwe wangu," Nakhisa alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Aliniita mwanangu kutoka ng'ambo ya ua. Alipokufa nilimlilia nikiwa mlangoni." Akapangusa pua. "Rudisha tena."

Nasike alirudisha. Aliombwa mara ya tatu, akarudisha. Ndipo akawaacha vijana waoane, akiwasemea wote kwa sauti zao, na kibanda kikawapigia vigelegele hadi majina ya waigizaji yalipoisha kupita kwenye kioo.

Hakutoka hata mmoja. Mubarak alichukua chaki, akalikata neno "ngumi" kwenye safu ya Jumamosi ya ubao wa mlangoni.

Jumamosi iliyofuata, saa nane, Nasike alirudi kwenye kipaza sauti. Kaltumi aliwekewa kiti cha peke yake, karibu naye kiasi cha kuweza kumfinya kila atakapokosea.