Lile Sanduku la Mwaka 1998

Delmer Haugen ameendesha lori la kaunti la kusukuma theluji kwa miaka thelathini na moja, na hajawahi kugonga sanduku la barua. Cheti chake ukutani kinasema hivyo. Masanduku yetu husimama kwenye nguzo kando ya barabara, na kila majira ya baridi, mawili matatu hulala chini. Ukimuuliza, Delmer anavua kofia na kusema kwa huruma, "Theluji hiyo, jirani. Si bamba." Maana kanuni ni kwamba bamba la lori, lile chuma pana la mbele linalosukuma theluji, likigonga, dereva aje kubisha hodi, akiri, aandike fomu, na kaunti isimamishe nguzo mpya. Theluji iliyorushwa na lori ikiangusha, pole yako.

Langu lililala mwaka 1998, likiwa na mkwaruzo wa rangi ya machungwa, rangi ya bamba. Nikamwonyesha. Akasema theluji. Tangu hapo tunakaa benchi moja kanisani, nami sijamsamehe, ingawa kitabu cha nyimbo nampitishia.

Februari hii, wiki tatu kabla ya kustaafu, alipita mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kawaida hupiga honi mara mbili, na mkewe Ardis humpungia mkono dirishani. Asubuhi hiyo Ardis alipunga mikono yote miwili, kwa nguvu. Delmer akaona bado anapendwa kweli, naye akapunga yake miwili. Ardis alikuwa anamwonyesha sanduku.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikizoa theluji yangu, polepole kuliko ilivyohitajika. Nguzo ilikuwa vipande viwili. Ardis akatoka, koti juu ya gauni la kulalia.

"Theluji hiyo," Delmer akasema.

"Delmer."

"Na upepo nao ulikuwa mkali."

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Nenda ukabishe hodi."

"Acha utani, mke wangu. Mlango wenyewe ni wangu."

"Basi hutapotea njia."

Akarudi ndani, akafunga. Delmer akaenda, akabisha. Ardis akafungua na kumuuliza anamtaka nani.

"Mama, nimegonga sanduku lako."

"Kwa theluji au kwa bamba?"

"Ardis, zimebaki wiki tatu tu. Cheti changu..."

"Kwa theluji au kwa bamba?"

"Kwa bamba."

"Haya. Na la Gudrun je?"

Gudrun ndiye mimi. Delmer alirudi kwenye lori, akakaa humo muda mrefu kichwa kimeinama, kisha akaliwasha. Nikajua ndiyo basi. Iliniuma, sitaficha.

Lori likavuka barabara, likasimama kwangu. Delmer akashuka, akanipita bila kunisalimu, akaenda kubisha mlango wangu na kusimama akingoja. Ikabidi nizunguke nyuma, niingie, nimfungulie.

Alikuwa ameshavua kofia. "Gudrun, lile la tisini na nane. Lilikuwa bamba."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemwekea maneno makali ya siku kama hiyo.

"Kahawa ipo," nikamwambia.

"Siwezi kukaa," akasema, akachomoa fomu yangu kutoka kwapani. Nyingine zilibaki palepale, burungutu zima, zote zimeshajazwa majina ya majirani.