Nilisema Vidogo

Daktari aliniambia nivue blauzi, nisimame karibu na dirisha, niinue mikono. Nikafanya hivyo. Akanitazama matiti kwa muda mfupi kuliko ule mtu anaotumia kuchagua nyanya sokoni, kisha akarudi kwenye kiti chake.

"C'est normal, madame," akasema. "Maziba inashuka. Hata ile Mungu alikupa ingeshuka."

Akacheka. Nikavaa blauzi yangu, nikamwaga kwa adabu, na hadi leo najilaumu kwa adabu ile.

Ndiye aliyenipasua, mwaka uliotangulia, katika kliniki yake ya binafsi hapa Lubumbashi, akanitia vifuko vya silikoni. Nilikuwa nimenyonyesha watoto wanne. Wa mwisho aliniachia jipu kwenye titi la kushoto, na jipu lilipopona lilikuwa limekwenda na nusu ya titi. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Kwa miaka nilikuwa nikikunja soksi ya mtoto na kuijaza upande mmoja wa sidiria kabla ya kuingia darasani. Urembo wa kwenye matangazo haukuwa shida yangu. Nilitaka kuachana na ile soksi, basi. Ndiyo maana nilimwambia wazi: "Vidogo, docta. Bilingane tu." Akaniwekea kifuko cha mfano kiganjani, kidogo, chepesi, na namba ya ukubwa wake imeandikwa nyuma. Nikasema ndiyo, hiki.

Miezi ya kwanza nilifurahi, ingawa niliona kifua kimejaa kuliko nilivyotarajia. Nikaambiwa ni uvimbe. Uvimbe ukaisha, kifua kikabaki vilevile, kisha kikaanza kuteremka. Ule mkunjo wa chini ya titi ulipotea. Vifuko vikaenda kukaa juu ya mbavu za chini, na chuchu zikabaki juu, zikielekea dari. Nilipoandika ubaoni nilihisi uzito ukivuta ngozi kwa ndani, na jioni nikijipapasa chini ya titi niliweza kufuata ukingo wa kifuko kwa kidole, ngozi ilivyokuwa imekonda.

Hilo ndilo aliloliita kawaida. Niliporudi mara ya pili alisema ni kosa la ngozi yangu, nimenyonyesha sana, ninunue sidiria ya nguvu.

Nyumbani mume wangu aliangalia mara moja, akageukia televisheni.

"Mi siyakutuma kule," akasema.

Kweli, hakunituma. Na mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye habari zilimfikia sijui kwa njia gani, alinishika mkono mbele ya kanisa akaniambia kwa upole kabisa kwamba hayo niliyatafuta mwenyewe. Nilichoka. Kila mtu alikuwa na neno juu yangu. Juu ya yule aliyeshika kisu hakuna aliyekuwa na neno.

Hadi alipokuja dada yangu mkubwa. Yeye anafanya biashara ya samaki wakavu, anawachukua Pweto na kuwauza hadi Mokambo, mpakani na Zambia. Ni mtu wa sauti kubwa, anayebishana na madereva wa malori na kuwashinda. Alinikuta jikoni, akanitazama ninavyotembea nimejikunja mabega.

"Nioneshe," akasema.

"Yaya, acha," nikamwambia dada yangu.

"Nioneshe, minasema."

Nikafungua. Nilitegemea apige kelele. Badala yake akaweka kiganja chake chini ya titi, akalipima uzito, akaliachia taratibu.

"Huyu muntu alikufanya nini?"

Nikalia. Tangu yaanze, ndiye mtu wa kwanza kuuliza swali lililomtaja daktari badala yangu.

Mteja wake mmoja wa Mokambo alikuwa amepasuliwa ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya saratani, na daktari mwanamke wa Ndola alikuwa amemtengenezea titi upya. Dada akapata namba ya simu, tukapanda gari, tukavuka mpaka. Huyo daktari hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Mimi Kiingereza changu ni cha shida. Tukakutana kwenye Kibemba, kile nilichojifunza kwa bibi yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningekitumia kuzungumzia kifua changu.

Alianza kwa kunawa mikono na kuipasha joto. Kisha akapima kwa utepe, kutoka chuchu hadi mahali pale mkunjo ulipopaswa kuwa, upande huu na upande huu, akanichora mistari kwa kalamu. Aliniambia nikae, nisimame, niiname. Aliposhika ile ngozi ya chini aliuma mdomo.

"Mfuko wa ndani, ule wa kukalia kifuko, umechimbwa chini mno," akasema, "na kilichotiwa humo ni kizito. Nyama haikuweza kukishikilia."

"Kinaweza kurudi juu?"

"Kinaweza. Lakini nisikilize vizuri kabla ya kuchagua."

Akachukua karatasi, akachora titi kwa upande, akaeleza polepole. Mwili hujenga utando kuzunguka kifuko; angeweza kuufungua, kuupunguza na kuushona upya kwa ndani, ili mkunjo urudi mahali pake. Wanawake wengine hiyo huwatosha. Wengine, ambao ngozi yao imekonda kama yangu, huwekewa pia wavu laini unaobeba uzito kutoka chini kama kitambaa cha mgongoni kinavyobeba mtoto. Njia nyingine ni kuuacha ule mfuko wa zamani na kutengeneza mpya, chini ya msuli wa kifua. Ngozi iliyozidi inaweza kukatwa, lakini kovu litaonekana. Au avitoe vyote, asirudishe kitu.

"Na ukubwa uleule sikushauri," akasema. "Hata nikishona vizuri namna gani, uzito ukiwa uleule, utashuka tena. Hata vidogo, siwezi kukuapia."

Siwezi kukuapia! Daktari wangu wa Lubumbashi aliapa kwa kila kitu. Huyu aliyesema hawezi kuapa ndiye niliyemwamini.

Dada, ambaye alikuwa amekaa kimya kwa taabu kubwa, akauliza kwa nini tusivitoe tu yaishe. Nikafikiri sana juu ya hilo. Mwishowe nikachagua vidogo, utando ushonwe, wavu uwekwe. Kama ningevitoa vyote ningerudi kwenye soksi, na hasira yangu haikukubali kwamba nipoteze hata kile kidogo nilichokiomba tangu mwanzo.

Nilipoamka baada ya kupasuliwa, kifua kilikuwa kimebanwa na bendeji ngumu kiasi kwamba nilipumua nusu nusu. Kesho yake daktari akaja na chombo cha plastiki chenye mfuniko. Ndani mlikuwa na vile vifuko vya zamani, vimeoshwa. Akanigeuzia upande wa nyuma, penye namba.

"Hiki ndicho ulichoomba?"

Nikaisoma. Nikaisoma tena. Ilikaribia kuwa mara mbili ya ile niliyoishika kiganjani.

"Hapana."

"Basi kosa si la ngozi yako," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona yeye pia amekasirika.

Aliniruhusu nivichukue. Nilisubiri nipone, niweze kuinua mikono tena na kuacha kulala chali, kisha asubuhi moja nikavaa vizuri, nikaenda kliniki ile. Sikuomba kuandikishwa. Nikapita mapokezi, nikafungua mlango wake, nikaviweka vile vifuko mezani mbele yake, juu ya gazeti alilokuwa akisoma.

"Nilisema vidogo," nikamwambia.

Hakushtuka. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

"Ah, madame. Ulikuwa umelala pale, mi nikaona kifua inaweza kubeba makubwa. Banamuke bote, ku mwisho banashukuru."

"Mimi nilikushukuru lini?"

"Bwana yako anasema nini?"

Nilikuwa nimeacha mlango wazi. Nikageuka, nikawaambia wanawake waliokaa nje wakisubiri, kwa sauti ninayotumia kunyamazisha darasa la wanafunzi hamsini: "Muulizeni atawatia ukubwa gani. Halafu mjue hatafuata jibu lake." Mmoja akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Wengine wakatazama simu zao. Mlinzi akaja kunishika kiwiko, nikamwambia asiniguse, nikatoka mwenyewe.

Nimelalamika kwa wakubwa wa madaktari. Nimeambiwa suala langu linaangaliwa. Bado linaangaliwa. Bango la kliniki limepakwa rangi mpya. Kifua changu kiko mahali pake. Kina makovu, na chuchu ya kushoto haihisi kitu tena, lakini naandika ubaoni bila kuvutwa. Paroko ameniambia nisamehe. Nikamwuliza kama yule naye amekwenda kuungama, akabadilisha mazungumzo.

Na kuna yule mwanamke aliyesimama na mkoba wake. Alinitafuta shuleni, tukajifungia kwenye choo cha walimu, nikamwonyesha makovu, nikamweleza yote niliyoelezwa Ndola. Alinishukuru sana. Miezi ikapita, nikakutana naye kwa muuza vitambaa, kifua chake kimebadilika. Nikamuuliza nani amemfanyia. Akainamisha macho.

"Ni yeye tu. Ng'ambo iko mbali, mama. Lakini mi nilimwambia: bidogo."

"Akakusikia?"

"Alisikia. Bwana yangu alikuwa amesimama pale, anamwangalia."

Alisema hivyo kwa furaha, akarudi kuchagua kitambaa chake. Neno lilelile nililisema mimi, bila bwana pembeni. Mimi nilitoka dukani bila kununua, nikatembea hadi shuleni kwa miguu, juani, kwa sababu kama ningepanda gari na mtu yeyote angenisemesha, ningemfokea asiye na kosa.