Yago la Phelesia

Mtu asikudanganye kwamba Phelesia hakujua kuigiza. Alijua, tena sana, na hilo ndilo lililommaliza.

Alizaliwa Magunga, upande wa Gwassi, akaolewa Ndhiwa na kijana aitwaye Jared, mwana wa mzee Elkanah. Mwaka wa pili wa ndoa Jared akavuka mpaka kutafuta kazi kwenye machimbo ya Tanganyika. Mwanzoni wasafiri walileta habari zake, kisha kimya. Uhuru ukaja, bendera ikabadilishwa, Jared hakuonekana. Phelesia akabaki katika nyumba ya mumewe, si mke wala mjane, akilima shamba la mtu ambaye hakuna aliyethubutu kusema amekufa.

Ndipo Dishon akaja na michezo yake. Alikuwa mwalimu wa misheni, akaacha kazi ya mshahara ili atunge michezo ya kuigiza, jambo ambalo mama yake aliliombea kanisani kana kwamba ni ugonjwa. Kikundi kilikuwa cha watu watano. Mimi, Roselyn, niliigiza kina mama wakwe, kwa sababu nina mdomo. Jukwaa letu lilikuwa ardhi tupu ya sokoni, pazia letu shuka mbili. Kabla ya kila mchezo Dishon alienda kwa chifu kumweleza kwamba hatufanyi siasa. Chifu alimwangalia, akacheka, akatupa ruhusa kwa dharau.

Mchezo uliotuangamiza ulihusu mjane anayekataa kurithiwa. Ulikuwa mzuri. Shida ilikuwa maiti. Kwetu hakuna mtu mwenye akili atakayelala chini ya shuka huku mwanamke anamlilia; kilio cha namna hiyo humwita kifo aje kuchukua chake. Hata Dishon, pamoja na usomi wake wote, alisema mgongo unamuuma. Basi tukakunja mkeka, tukaufunika, tukauita marehemu.

Tukaupeleka mchezo Masara, kwa wachimba dhahabu. Kule tuliigiza kwa Kiswahili, maana Wajaluo, Wakuria na Wakisii wote walikuwa shimo moja. Phelesia akapiga magoti kando ya mkeka, akalia. Wachimbaji wakaanza kukohoa, kisha wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mama, wacha kulilia mkeka! Kunjua tulale!"

 Kabla hatujafika nyumbani sisi wengine tulikwisha kusahau. Ndiyo kazi, leo unachekwa, kesho unapigiwa makofi. Yeye hakusahau. Mazoezi yaliyofuata alikuja amejitwika tunda la yago.

Yago ni tunda la mwegea, refu na zito kama paja la mtu. Mtu wetu akipotea ziwani au ugenini na mwili usipatikane, wazee huzika yago badala yake. Likishazikwa, huyo amekufa, na hana njia ya kurudi nyumbani.

"Hii hawatacheka," akasema.

Nikamwambia, "Phele, hii si kitu ya kuchezea. Bwana yako yuko wapi?"

"Ndiyo maana najua kuililia."

Nilimtazama Dishon nikitegemea atakataa. Macho yake yalikuwa yanawaka. Ah, watu wa sanaa! Waonyeshe kitu cha kweli, watasahau kwamba kinauma.

Tukaigiza Ndhiwa siku ya soko, safari hii kwa Kijaluo, lugha tunayoomboleza nayo. Phelesia alitoka taratibu, akafunua shuka kidogo, akatazama. Halafu akatoa nduru, ule ukelele mkali unaotangaza msiba hata ng'ambo ya mto ukasikika. Mwanzoni alimwita marehemu kwa jina alilopewa na Dishon. Mimi nilikuwa karibu naye, na kitambaa changu cha mama mkwe kichwani, nikasikia sauti inabadilika. 

"Jared! Jared wa Elkanah, uliniacha na nani?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake waliweka vikapu chini. Mmoja akaitikia, wa pili akaitikia, soko zima likalia. Wanaume wa boma za jirani wakaja mbio. Filister, mama yake Jared, alikuwa pale pale akiuza omena. Alisikia jina la mwanawe, akaliona yago, akaanguka juu ya samaki wake. Nyuma ya pazia Dishon alikuwa analia machozi ya furaha. Ndiyo siku aliyoiomba maisha yake yote, na mpaka leo sijamsamehe kwa kuifurahia.

Wazee walikaa. Walielezwa kwamba ule ulikuwa mchezo. Lakini nduru ilikuwa imetoka, jina limetajwa, yago limeliliwa; utalitupa wapi, kwenye maganda ya muhogo? Wakalizika mbele ya nyumba ya Jared. Phelesia akanyolewa nywele, na Caleb, mdogo wa Jared, akamrithi. Yeye aliyepiga kelele soko baada ya soko kwamba harithiwi!

Nilimwendea. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakukataa kama alivyokataa mchezoni.

"Kule Dishon aliniandikia maneno," akasema. "Hapa nani ataniandikia?"

Hakuigiza tena, Elkanah alikataza. Bila yeye kikundi kilisambaratika. Dishon alitafuta mwanamke mwingine wa kulia, asipate. Sasa anauza mafuta ya taa.

Na Jared akarudi. Ndiyo, akarudi, mwaka wa sitini na saba, mguu mmoja mbovu, akisukuma baiskeli. Habari zilimtangulia, na alipofika alikuta wazee wameziba lango kwa miiba. Sisi majirani tulijaa pale. Filister alikuwa ameshikwa na wanawake asimkimbilie. Phelesia akatoka na mimba ya Caleb. Jared aliitazama mimba, akatazama lile kaburi mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

"Phelesia," akasema, "waambie ilikuwa mchezo tu."

Phelesia akapiga magoti mbele ya baba mkwe. "Baba, ilikuwa mchezo. Nilikuwa naigiza tu."

Mzee Elkanah alisogea langoni. Alimpenda kijana wake, nani hakujua? "Nyar Gwassi," akasema, kama wanavyoitwa mabinti wa Gwassi walioolewa kwetu, "mimi nililia. Mama yake alilia. Soko yote ililia. Kama ile kilio ilikuwa ya uongo, apa hapa mbele ya watu, na mimi nitatoa hii miiba na mkono yangu."

Tulimngoja. Moyoni nilimpigia kelele: apa, mwanamke! Umedanganya watu kwenye masoko yote, danganya tena mara moja! Phelesia alifungua mdomo. Akamtazama Jared, akatazama kaburi, akafunga mdomo. Akafungua tena. Hakuna kilichotoka.

Jared alisubiri kuliko sisi sote. Kisha akageuza baiskeli, akashika njia ya mpakani, na mama yake akamwita mpaka sauti ikamkauka.