Mwenyewe Yupo?

Mtaani walimwita Mwenyewe Yupo. Jina hilo hakupewa na wazazi. Lilitoka mdomoni mwake mwenyewe, watu wakaliokota.

Alikuwa fundi wa kuchonga funguo. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, baina ya mshona viatu na choo cha kulipia. Ndani mlikuwa na mashine moja, kigoda kimoja, na ukuta mzima wa funguo butu zinazongoja kuchongwa. Mtu akija mbio, anatweta, "Fundi, nifungulie mlango, ufunguo umebaki ndani," yeye huchukua mfuko wake wa waya na bisibisi, akafuata. Ila akifika mlangoni, kabla hajapiga goti, huuliza: "Mwenyewe yupo?" Kama hayupo, hafungui. Uje na machozi, uje na askari, uje na mkwe wako. Kuna mama mmoja alimtukana mpaka mate yakamrukia usoni, kisa chumba cha mume aliyesafiri. Fundi alikusanya waya zake taratibu. "Akirudi, niite," akasema, akaenda zake.

Hayo ni ya zamani. Siku hizi kibanda kimefungwa. Macho yameingia ukungu, na tangu mkewe afariki hata mikono imekuwa mizito. Anaamka asubuhi amechoka kama mtu aliyepakua magunia usiku kucha. Ananawa uso, anakaa kwanza. Anavaa shati, anakaa tena.

Chumbani mwake lilikuwemo kabati la mkewe. La mbao ngumu, na kitasa cha shaba. Kitasa hicho alikitia mwenyewe, ndoa ikiwa bado changa, kwa sababu bibi harusi alisema anataka mahali pamoja tu ambapo mume hatapekua. "Hakuna mlango unaokushinda wewe," alimwambia. "Huu ukushinde." Akacheka mpaka akashika mbavu. Na kweli, miaka yote ile mume hakuugusa. Ufunguo mke aliuvaa shingoni kwa kamba. Siku ya msiba nyumba ilijaa watu, huyu kahamisha hiki, yule kahamisha kile, na kamba ile haikuonekana tena.

Basi kabati likabaki limefungwa, na fundi wa kufungua analala mbele yake kila siku, wanatazamana.

"Baba," binti yake alimwambia Jumamosi moja asubuhi, mkono kiunoni, tumbo mbele. Alikuwa na mimba iliyowashtua wote, maana mtoto wake wa kwanza alikuwa tayari msichana wa sekondari. "Vitu vya mtoto viko sakafuni kwenye maboksi. Nguo za mama zinaoza mle ndani. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali. Wewe ni fundi, Baba."

"Nilikuwa."

"Haya. Kesho anakuja seremala. Atavunja mlango."

"Atavunja?"

"Wewe hutaki kufungua, ufunguo hatuna. Nifanyeje, niliimbie lifunguke?"

Mzee akafumba macho. Aliiona nyundo. Aliiona shaba ikipinda na ile mbao ikipasuka. Alitaka kusema neno, akaona hata neno ni mzigo.

Kitasa kile angekifungua kabla chai haijapoa. Mwezi uliopita alijaribu. Alipiga goti mbele ya kabati, waya mkononi, na swali lake la siku zote likamjia lenyewe, bila kuitwa. Jibu alilijua. Akainuka kwa kushikilia kitanda.

Alasiri sebule ikajaa kelele. Ilikuwa siku ya mchezo wa mjukuu, yule msichana wa sekondari.

Mjukuu huyu zamani alikuwa akimwita babu yake "mume wangu". Bibi alimwita yeye "mke mwenzangu", wakagombania mzee huyu mbele ya wageni, nani kampikia, nani kamfulia, mzee kakaa katikati anajiona sultani. Bibi alipozikwa, utani nao ukaisha. Sasa msichana alisema "Babu" tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa.

Kila Jumamosi alikuja kijana waliyemwita Miwani, na msichana waliyemwita Chiriku kwa sababu hakufunga mdomo. Walikaa meza ya chakula na penseli, karatasi, na dadu zenye pande nyingi kama vito. Mjukuu ndiye aliyesimulia hadithi. Wenzake walikuwa watu wa ndani ya hadithi, kila mmoja akisema anafanya nini, na dadu ikiamua kama ameweza. Wa nne wao alikuwa amehama na wazazi wake, na mchezo ulikuwa unalegea.

"Wawili hawatoshi," Miwani alikuwa anasema. "Wiki iliyopita nusura tufe mlangoni."

Mjukuu akageuka. "Babu, njoo ucheze."

"Nimechoka."

"Utacheza umekaa."

Mzee akajikokota hadi mezani. Akavuta kiti.

"Kwanza unachagua wewe ni nani humo ndani," Chiriku akaanza, hata hajavuta pumzi. "Kuna askari, kuna mchawi, kuna tabibu, kuna mwizi."

"Mchawi ndani ya nyumba yangu?"

"Mchawi ni mimi, Babu."

"Mama yako anajua?"

Miwani akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Kuwa askari kama mimi. Unavaa chuma, unapigana."

"Na goti hili? Adui atanisubiri mpaka niinuke?"

"Basi kuwa tabibu!" Chiriku akadakia. "Tabibu hatuna kabisa, ndiyo maana nusura tufe kila wiki. Unakaa nyuma tu, unauguza—" Akanyamaza ghafla. Mjukuu alikuwa amemkanyaga mguu chini ya meza.

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa imepima vidonge, imegeuza mgonjwa ubavu huu na ubavu ule, imeosha, imefunika. "Hapana," akasema. "Hiyo kazi nimeifanya."

Miwani akajikohoza.

"Amebaki mwizi. Lakini mwizi ana raha, Babu. Askari vita vikiisha anapiga miayo. Mwizi kila chumba ana shughuli. Anatazama mitego, anafungua vitasa—"

"Kijana. Milango ya mtaa huu wote imepita mkononi mwangu, wala kijiko hakijapotea. Leo unaniita mwizi mezani kwangu?"

"Samahani, Babu."

Mjukuu akasogeza kiti chake karibu. "Usitazame nani ana nguvu," akasema. "Mgeni akija huwa anachagua mwenye nguvu, wiki ya pili humwoni tena. Chagua kitu ambacho hutakichoka."

"Kila kitu nimekichoka, mjukuu wangu."

"Hata vitasa?"

Akafikiri. Alifikiri kwa haki, maana aliulizwa kwa haki. Alikumbuka waya ukigusa pini ndani ya giza la kitasa, ile pini inavyokataa, inakataa, halafu inakubali.

"Vitasa bado," akasema.

Mjukuu akachukua penseli, akaandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa, akamsomea: "Fundi wa Funguo."

"Hayumo kitabuni," Miwani akalalamika.

"Sasa yumo."

Wakaingia. Ilikuwa ngome iliyoachwa, ngazi zinashuka chini kwenye baridi. Mzee alianza kwa kusinzia. Lakini kulikuwa na sanduku chini ya ngazi, na mwenye sanduku, kibibi kizee cha ile ngome, alikuwepo pale analilia sanduku lake, na Fundi wa Funguo akaombwa. Mzee akauliza kitasa ni cha namna gani. Mjukuu akabuni kimoja. "Hicho hakifunguki hivyo," mzee akasema, akaeleza, mkono ukichora hewani. Dadu ikatoa namba nzuri. Chiriku akapiga kelele kama mtu aliyeona harusi. Mzee akajikuta anatabasamu, akashtuka, akalifuta lile tabasamu kwa kiganja kama tone la mchuzi.

Halafu wakafika kwenye lango la chuma.

Nyuma yao lilikuwa linakuja dubwana, wanasikia kucha zake kwenye mawe. Askari wa Miwani alikuwa anavuja damu. Mchawi wa Chiriku alikuwa amemaliza nguvu zake zote kwa kuwasha moto usiotakiwa.

"Fundi!" Miwani akasema. "Lango! Rusha dadu!"

Mzee aliishika dadu. Akamtazama mjukuu wake.

"Mwenyewe yupo?"

"Nani?"

"Mwenye lango."

"Babu, ni la mfalme. Alikufa zamani sana."

"Amekufa."

"Ndiyo."

Mzee akaiweka dadu mezani, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Basi mimi sifungui."

"Babu!" Chiriku akasimama. "Huyo mfalme ni wa kutunga! Hata mifupa hana!"

"Hana warithi?"

"Warithi? Dubwana linatuvunja shingo, wewe unatafuta warithi!"

"Wewe mchawi usinipandishie sauti."

"Babu, tafadhali," Miwani akasema, naye hakuwa anacheka tena. Askari yule alikuwa naye tangu mwaka jana, amemlea kama kuku wa mayai.

"Nimesema sifungui."

Mjukuu akawa hana budi. Dubwana likafika. Akarusha dadu yake, akaitazama, akauma mdomo. "Askari ameanguka," akasema. "Hajafa bado. Yuko chini, karibu na lango."

Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Mzee akaona. Jambo hilo lilimchoma kuliko maneno ya Chiriku. Akainuka, akaenda chumbani, akaacha mlango wazi kwa sababu kuufunga nako ni kazi.

Mjukuu alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, uso kwa uso na kabati.

"Nimewaharibia," mzee akasema.

"Kidogo."

"Mwambie yule kijana anisamehe."

"Utamwambia mwenyewe." Akakaa pembeni yake. "Babu, mfalme angekuwepo pale, ungefungua?"

"Ningefungua kabla hujamaliza kusema."

"Na kesho? Seremala?"

Mzee akatikisa kichwa. "Mama yako yuko sawa. Mtoto anataka mahali. Mimi najua yuko sawa." Akaelekeza kidole kwenye kabati. "Ila bibi yako alinipa mlango mmoja tu wa kutokufungua. Mmoja. Nikiufungua hayupo, basi ndiyo nimekubali kwamba hayupo."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Yakamchosha. Akainamisha kichwa.

Msichana alikitazama kitasa cha shaba. Kisha akainuka. Akasimama kando ya kabati, bega limeegemea ubao, mkono mmoja kiunoni, mguu mmoja umekunjwa kidogo mbele. Mzee aliinua macho. Mkao ule aliujua. Alikuwa ameutazama maisha yake yote ya utu uzima.

"Fundi," msichana akasema. Sauti ilimtetemeka, akaikaza. "Tangu lini nakungoja? Mlango mmoja tu unakutoa jasho?"

Mzee alishika ukingo wa kitanda.

"Au na wewe umezeeka? Nikaite seremala?"

Kidevu cha mzee kikacheza. "Mwenyewe yupo?" akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kamba kabla ya kuishika.

"Mwenyewe nimesimama hapa. Fungua, mume wangu."

Akashuka chini kwa goti lile bovu. Mfuko wa waya ulikuwa chini ya kitanda, pale pale. Macho hayakuona kitu, lakini kazi hii haikuwahi kuwa ya macho. Kitasa kilikuwa kigumu kwa kukaa muda mrefu. Kikakataa, kikakataa. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mikono, naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini.

Kikakubali.

Harufu ya mkewe ikatoka kwanza. Wote wawili wakakaa nayo. Yalikuwemo magauni, blanketi, viatu vya kutokea, sabuni ambazo hazijafunguliwa. Na juu ya blanketi, imelala kwa raha zake, tochi.

"Tochi yangu," mzee akasema.

"Ile uliyosema imeibwa na jirani?"

"Nimemnunia yule mtu tangu iliponipotea." Akaigeuza mkononi. "Alinifichia tochi! Alikuwa hapendi nichokoe vitasa kitandani." Akacheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine, na mjukuu akamshika bega mpaka kikapita.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo. Alitazama kabati, akamtazama baba yake pale sakafuni. Macho yalimjaa.

"Nimwambie seremala asije?"

"Mwambie. Na hizi nguo zisiguswe leo. Kesho, tukiwa pamoja." Akanyoosha mkono. "Niinueni. Nimechoka."

Walimwinua wawili. Lakini hakupanda kitandani. Alikwenda sebuleni, tochi mkononi. Miwani na Chiriku walikuwa bado wapo, wananong'ona.

"Yule askari bado anapumua?" akauliza.

"Kwa shida, Babu," Miwani akasema.

Mzee akakaa. Akamgeukia mjukuu wake. "Mfalme yule. Hakuacha mtu wa kusimama kwa niaba yake?"

Msichana akafikiri, akavuta kamasi. "Ana mjukuu," akasema. "Ndiyo kwanza anafika langoni."

"Anasemaje?"

"Anasema fungua."

Mzee akarusha dadu. Ikabingirika mezani, ikaanguka, ikapotelea chini ya kabati la vyombo. Akabonyeza tochi. Betri zilikuwa zimekufa. Miwani akajilaza sakafuni, akapapasa, akaitoa, akaisoma.

"Mbili," akasema kwa huzuni. "Limekataa."

"Mara ya kwanza hukataa," mzee akasema, akaiomba dadu.