Kitundu cha Hewa

Mtaa mzima ulimwita Daktari wa Jenereta, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile la kuzaliwa. Miaka thelathini alisikiliza mashine kwa mbali tu, akataja ugonjwa wake kabla hajashika spana. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu uani kwa binti yake, upande wa kulia umekufa, ulimi haunyanyuki, na jenereta limezimika mbele ya macho yake kwa mara ya nne.

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Chumbani kulikuwa na mayai mia mbili kwenye mashine ya kutotolea, siku ya ishirini, bado moja tu vifaranga watoke. Yakipoa, basi. Binti alikuwa ameacha kazi kwa ajili ya mayai hayo.

"Hii ni kabureta," alisema fundi aliyeitwa, mtu mzima mwenye kitambi, aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe. Akaifungua, akaipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Akabadilisha chujio, akasafisha plagi. Kila mara jenereta liliwaka, likanguruma dakika kumi, likakata roho.

Mzee alijua, na kujua kwenyewe ndiko kulikomuua. Mwezi uliopita, akilileta jenereta lile kwa pikapu, aliziba kwa gundi kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, petroli isimwagike njiani. Angekizibua akishalishusha. Kiharusi kikampiga pale pale kwenye pikapu, akashushwa yeye kwanza. Tangu hapo tangi halipumui, na petroli isiyoingiziwa hewa nyuma yake haiteremki. Pini tu ingetosha kukizibua.

Akanyoosha kidole kwenye tangi.

"Mafuta yapo, fundi mkuu, usihofu," mwanafunzi wake wa zamani akamjibu.

Akazungusha vidole vya kushoto, kama mtu anayefungua kifuniko.

"Ana kiu huyu," binti akasema. Akaja na chupa ya maji, akaifungua, akamnywesha. Kisha akamsogeza kivulini, mbali zaidi na jenereta. Hasira zilimpanda mzee mpaka maji yakampalia.

Mara ya tano fundi alifungua tangi achungulie, akakiacha kifuniko kwenye tofali, akavuta kamba. Jenereta likawaka, likanguruma bila kukwama, nusu saa nzima. Binti akapiga vigelegele. Acha hivyo hivyo, mzee akaomba moyoni, acha hivyo hivyo, mbumbumbu wewe. Fundi akakusanya zana zake, akaokota kifuniko, akakikaza kwa nguvu zake zote, akaaga.

Binti akapiga magoti, akamfuta baba yake machozi. "Usilie, Baba. Limepona." Akakimbilia ndani. "Baba! Moja linagonga! Kifaranga anagonga ganda!"

Mzee alikuwa akihesabu dakika. Kwenye ya tisa mngurumo ukaanza kupanda na kushuka. Ndani binti alikuwa bado anamwita.