Jiko Lisilo na Moshi

Nilipojifungua, mamangu alikuja kutoka Kitui kunitunza, na hakuja mikono mitupu. Alishuka na gunia la makaa, eti makaa ya Nairobi ni vumbi tupu. Ilikuwa Julai, baridi kali, na chumba chetu cha mtaa wa Mowlem kiko chini kabisa ya ghorofa, mahali jua hupasikia kwa jina tu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia waziwazi: jiko la makaa lisiingie anakolala mtoto, na ikilazimu, dirisha libaki wazi. Ushauri mzuri sana, kwa mtu asiyekaa kwetu. Dirisha letu linatazama kichochoro, na kuna watu hupita na waya mrefu uliopindwa ncha, wakavua vitu kitandani pako wewe ukiwa pale pale unakoroga uji. Mimi walinivulia shali ya mtoto kabla mtoto mwenyewe hajazaliwa. Kwa hiyo dirisha likiwa wazi niliogopa wezi, likifungwa niliogopa jiko. Sikuwa na saa ya kupumzika.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Aliwasha jiko nje, akalipepea kwa kifuniko cha sufuria, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo aliingize ndani.

"Moshi ndio mbaya," aliniambia. "Huu ni moto safi. Nyinyi wote nimewalea na jiko kando ya kitanda. Nani alikufa?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, mzima. Nikafungua dirisha kidogo, akafunga. Nikafungua tena, akafunga tena. Tulishinda hivyo, kila mtu akijifanya hamwoni mwenzake.

Alasiri moja maji yakaja. Kwetu maji yakija huulizi, unabeba mitungi na kukimbia. Nilimwacha mama na mtoto kitandani, dirisha nimeliacha wazi kiasi cha mkono kupita. Foleni ilikuwa ndefu na aliyekuwa mbele yangu alikuwa anateka kama anayeanzisha bwawa. Nikawa nageukageuka kutazama upande wa kwetu. Nikajikaripia: wahangaikia nini, nani alikufa? Lakini mtungi haukuwa umejaa nusu nilipoubeba nikarudi.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Chini ya mlango palikuwa pamezibwa kwa leso, ikabidi nisukume kwa bega. Ndani hakukuwa na moshi wala harufu, joto tu, tena joto zuri. Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda.

"Kichwa," alisema polepole. "Na miguu haitaki."

Mtoto alikuwa amelala. Nilimwinua, shingo ikalegea. Nikamwita. Nikamfinya unyayo. Hakushtuka. Nikapiga mayowe.

Jirani yangu, mama mmoja wa Busia anayeuza samaki wadogo wa omena, alitoka mbio na mwiko mkononi. "Toa mtoto nje! Wachana na hilo jiko, toa mtoto!" Nilitoka hadi kwenye manyunyu, yeye akimburuta mamangu nyuma yangu kwa makwapa. Nilimpepea mtoto, nikamwomba, nikamgombeza. Sijui ilichukua muda gani. Mwishowe alikunja uso, akapiga chafya, akalia. Sijawahi kupenda kelele kama ile.

Hospitalini wote wawili waliwekewa oksijeni. Daktari alieleza kuwa kinachoua si moshi. Ni hewa isiyoonekana wala kunuka, na makaa mekundu huitoa vilevile. Nyumba ya udongo yenye mianya inaweza kumponyesha mtu miaka na miaka, naye akadhani jiko halina neno.

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mama, na hayakuwa matamu. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, mtoto kifuani, akimgusagusa shingoni kwa vidole viwili.

"Yule aliyekutangulia," alisema.

Nilijua kulikuwa na mtoto kabla yangu. Nyumbani tuliambiwa alichukuliwa na homa, basi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

"Hakuwa na homa. Ilikuwa baridi kama hii, tukaziba mianya yote kwa magunia. Watu waliuliza amekufa na nini, nikasema homa, kwa sababu ilibidi niseme kitu."

Nilikaa karibu naye.

"Usiku ule hakulia hata kidogo," mama alisema. "Na mimi nilifurahi. Nilisema, leo amelala vizuri."